Cheti cha CFLE ukiwa Tanga: shahada, mtihani na saa 3,200

Tanga haijawahi kukosa walimu wa familia. Somo yupo, kungwi yupo, shehe huwakalisha vijana kabla ya nikaha, mchungaji ana mafundisho yake ya wachumba, na nesi wa kliniki humwelekeza mama namna ya kumpakata mtoto huku foleni ikimngoja mlangoni. Kinachokosekana ni ushahidi wa maandishi kwamba anayefundisha ameisomea kazi hiyo, amepimwa, na anafuata maadili yanayojulikana. Cheti chenye jina kubwa zaidi katika fani hii ni CFLE (Certified Family Life Educator), yaani cha mwalimu wa elimu ya maisha ya familia. Hutolewa na NCFR, baraza la Marekani la mahusiano ya familia, lililoanzishwa 1938 na lenye makao yake Minnesota. Cheti chenyewe kilianza 1985.

Tuseme mapema kisichofanywa na cheti hiki. Si leseni, na hakikuingizi serikalini. Anayetaka kuwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri asipoteze dola zake huku. Njia yake ni stashahada au shahada ya ustawi wa jamii, kwa mfano pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam, halafu aombe nafasi kupitia Sekretarieti ya Ajira. CFLE humfaa anayefanya kazi na mashirika ya kimataifa, anayeandika mitaala ya malezi, anayefundisha chuoni au anayekusudia kwenda kusoma zaidi nje. Mwingine yeyote afikirie mara mbili.

Mwalimu, si tabibu

Huku ndiko waombaji wengi wanakoteleza, kwenye mtihani na kwenye kumbukumbu za kazi pia. Fani inagawanya kazi na familia katika nyanja tatu: elimu ya maisha ya familia, tiba ya familia, na usimamizi wa mashauri ya familia. Mwalimu hukutana na watu kabla mambo hayajaharibika, huwapa maarifa na stadi, na mara nyingi hufundisha kundi. Tabibu hushughulika na jeraha lililokwisha kuingia. Msimamizi wa mashauri huhangaikia mahitaji: chakula, hifadhi, bima, ada ya shule.

Chukua mume na mke wanaogombania fedha. Ukiwaweka na wenzao kumi na wanne ukafundisha namna ya kupanga matumizi na kuzungumza bila kutukanana, hiyo ni elimu. Ukikaa nao wawili tu, wiki sita mfululizo, mkichimbua kwa nini mume hamwamini mkewe, umekwenda kwenye tiba, na saa hizo haziwezi kuhesabiwa kuwa za ualimu wa familia. Ukimwandikia mke barua ya kwenda baraza la kata, unasimamia shauri. Kazi zote tatu ni za heshima, lakini cheti kinapima ile ya kwanza.

Shahada na majina

Unahitaji angalau shahada ya kwanza. Inayokaribia zaidi fani hii hapa nyumbani ni Sayansi ya Familia na Mlaji ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Shahada za ustawi wa jamii, sosholojia, saikolojia na elimu nazo husimama vizuri, na anayefanya kazi Tanga anaweza kusoma kupitia Chuo Kikuu Huria bila kuhama mji.

NCFR ina milango miwili. Wa kwanza ni wa waliohitimu vyuo ambavyo mitaala yao imekwisha kuidhinishwa na baraza. Hao hupeleka matokeo yao ya masomo na kusamehewa mtihani. Karibu vyuo hivyo vyote viko Marekani na Kanada. Mlango wa pili, ambao ndio wako, ni mtihani.

Kabla ya kulipa chochote, andika barua pepe yenye maswali matatu tu: shahada ya Tanzania itathminiwe na nani, kitambulisho gani kinakubalika, na mtihani unaweza kufanyika ukiwa Tanzania kwa utaratibu gani. Jibu lao lihifadhi. Ukibishana baadaye na ofisa mwingine, barua ile ndiyo mkono wako.

Halafu majina. Pwani yetu ina ugonjwa wa majina: cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaisha, cha chuo Mwanaisha Bakari, kitambulisho cha taifa Mwanaisha Bakari Mhando, na kadi ya benki M. B. Mhando. Kwa mtu wa Minnesota hao ni watu wanne. Chagua jina moja kamili, lile la pasipoti, kisha pitia kwa wakili uapishwe hati ya kiapo inayoeleza kuwa majina yote ni yako. Fanya hivyo kabla ya kujaza fomu, si baada ya kukataliwa. Hakikisha pia kadi utakayolipia imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni ya dola. Kadi nyingi hutoka benki zikiwa zimefungwa upande huo, na malipo yanayogoma mara tatu huweza kuifunga kabisa.

Maeneo kumi, na pale yanapouma

Mtihani una maswali 150 ya kuchagua jibu, kwa Kiingereza. Unatoka katika maeneo kumi: familia na mtu ndani ya jamii, mwenendo wa ndani wa familia, ukuaji wa binadamu tangu mimba hadi uzee, jinsia na unyumba, mahusiano baina ya watu, usimamizi wa rasilimali za familia, elimu ya wazazi, sheria na sera za familia, maadili ya taaluma, na mbinu za kufundishia.

Nadharia usizikariri mikono mitupu. Kila moja ipe mtu wa Tanga. Mwanasaikolojia Bronfenbrenner anasema mtoto hukua ndani ya tabaka za mifumo. Nyumba na darasa lake ni mfumo wa mikro. Mwalimu anapompigia mama simu kuhusu utoro, hapo ni meso, kwa kuwa mikro mbili zimekutana. Zamu za usiku za baba kwenye shamba la mkonge ni ekso: mtoto hafiki kule, lakini uchovu wa kule unamfika yeye. Swali la kazi ya mzazi ni mtego wa kila siku, na wengi hulijibu meso.

Au modeli ya mwanasosholojia Reuben Hill ya mgogoro wa familia, yenye herufi A, B, C na X. Mvuvi wa Tongoni amepotelewa na mashine ya boti. Hiyo ni A, tukio. Ana kaka mwenye akiba na mke mwenye hisa kwenye kikundi. Hiyo ni B, rasilimali. C ni tafsiri. Familia moja itasema ni mkosi wa bahari, tuanze upya. Nyingine itasema ni hasadi ya jirani, na vita vya mtaa vitaanza. X ni kiasi cha mgogoro kinachozaliwa na vyote vitatu vikikutana. Ukishamweka mvuvi huyo kichwani, swali lolote la aina hiyo litakuwa jepesi.

Kwenye malezi, aina zilizochambuliwa na mwanasaikolojia Baumrind hazina shida, ila majina mawili ya Kiingereza yanafanana kama mapacha. La mzazi wa kiimla (authoritarian) na la mzazi mwenye mamlaka yaliyochanganyika na upendo (authoritative) hutofautiana mwishoni tu. Andika yote mawili kwenye kadi, moja kwa wino mwekundu, uyaone kila siku hadi macho yazoee.

Sheria ndiyo sehemu ngumu kwa msomaji wa hapa, kwa sababu mtihani unauliza za Marekani na darasa lako litauliza za Tanzania. Weka madaftari mawili. Tazama likizo ya uzazi: sheria ya Marekani ya likizo ya familia ya 1993 inatoa wiki 12, na sheria yetu ya ajira ya 2004 inatoa siku 84. Piga hesabu, ni muda uleule. Lakini ya Marekani haina malipo, na mfanyakazi lazima awe ametimiza miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi. Yetu ina malipo, huongezeka kuwa siku 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja, na baba ana siku 3. Ukiingia na kichwa cha Kitanzania utaweka alama penye malipo, na umekosa.

Daftari la Tanzania lisikose haya: Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kwa kawaida inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani; kifungu cha 160, kinachowadhania kuwa wanandoa waliokaa pamoja miaka miwili na kutambulika hivyo; na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kuhusu umri wa binti kuolewa, vifungu vya 13 na 17 vya Sheria hiyo ya Ndoa vilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono 2019. Swali hilo utaulizwa kila kikao, mara nyingi na baba mwenye binti wa kidato cha pili.

Maadili yana mtego wake. Mfano: mama katika kundi la malezi anasema mumewe humchapa mtoto kwa waya. Kwanza ufanye nini? Mswahili aliyelelewa vizuri atataka kumwita mume, kumkalisha na wazee, kuficha aibu ya nyumba. Mtihani unataka ulinzi wa mtoto na wajibu wa kutoa taarifa. Na si Marekani peke yake: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa haki za mtoto zinapovunjwa. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na namba 116 hupigwa bure. Mwanzoni mwa kila kozi waambie washiriki wazi kwamba siri yao itatunzwa isipokuwa hapo. Ukisema baada ya mama kuzungumza, utaonekana msaliti.

Wiki 16 zinatosha kujiandaa kwa mtu mwenye kazi, saa 8 kwa wiki. Kumi za kwanza kwa maeneo kumi, mbili za kurudia sheria na mbinu, nne za mwisho kwa maswali ya mazoezi tu. Anayesoma nadharia hadi jana yake hufeli akijua kila kitu, kwa kuwa majibu mawili kati ya manne huwa sahihi na kinachotakiwa ni lililo sahihi zaidi.

Siku ya mtihani, saa ndiyo adui. Tanga iko mbele ya Minnesota kwa saa 9 majira yao ya baridi na saa 8 kiangazi. Wakiandika saa kumi kamili za asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, kwako ni saa moja jioni wakati wa baridi, au saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi. Wapo wanaosoma tarakimu 10 wakajiandaa kwa saa kumi ya Kiswahili. Andika kwa maneno, ubandike ukutani. Kama unafanyia mtandaoni, usitegemee umeme wa jioni: kompyuta yenye betri nzima, simu mbili za mitandao tofauti zenye bando, na chumba kisichopakana na ukumbi wa harusi. La mwisho si utani. Mwezi wa Shaabani, mtaa mzima unapofunga ndoa kwa pamoja kabla ya Ramadhani, utajibu maswali ya ndoa ya Marekani kwa mdundo wa ngoma.

Saa 3,200

Ukifaulu bila uzoefu wa kutosha unapewa ngazi ya awali, na una miaka mitano kuifikia ngazi kamili. Kwa mwenye shahada ya kwanza ya fani ya familia, ngazi kamili inataka saa 3,200 za kazi. Kwa ajira ya saa 40 kwa wiki ni wiki 80. Kwa anayefundisha pembeni ya kazi nyingine, gawanya kwa miaka mitano: saa 640 kwa mwaka. Toa Ramadhani, ambapo vikundi vya jioni havikutani, toa na wiki za masika na sikukuu. Zinabaki kama wiki 44, na kila wiki ni saa 14 na nusu. Hiyo si kazi ya waja leo waondoka leo.

Saa zinapotea kwa sababu moja kuu: mtu hufundisha miaka mitatu, kisha anakaa chini usiku mmoja kukumbuka. Msimamizi amehamia Dodoma, kikundi kimevunjika, daftari la mahudhurio limeliwa na panya. Andika siku hiyohiyo, kabla ya kulala, namna hii:

Jumamosi 14 Juni 2025. Makorora, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mada: bajeti ya kaya. Eneo: rasilimali za familia. Washiriki 16. Maandalizi saa 3. Kufundisha saa 1 dakika 30. Tathmini dakika 45. Wajibu: mwezeshaji mkuu. Shahidi: katibu wa kikundi, sahihi na simu.

Maandalizi, ufundishaji na tathmini viandikwe mbalimbali. Ukivichanganya kuwa "saa 5" mkaguzi hana njia ya kujua ulifanya nini, na mashaka yake hayatakuwa kwa faida yako. Kila miezi mitatu chapa jumla, mpelekee msimamizi asaini na kugonga muhuri, kisha piga picha. Usisubiri mwaka uishe. Tena usijaze maneno makubwa: mwenye saa 300 za "kuelimisha jamii" hana kitu, mwenye saa 40 za "kuwafundisha wazazi wa watoto chini ya miaka mitatu lishe na michezo" anacho. Hakikisha pia saa zako hazikai eneo moja.

Kikao chenyewe cha Makorora kinaonyesha kazi inavyopaswa kuwa. Gawa watu 16 kwenye mafungu manne. Kila fungu lipewe kunde 30. Kila punje ni shilingi 10,000, kwa hiyo kaya ina 300,000 ya mwezi. Tandaza kadi tisa: kodi, chakula, mkaa au gesi, maji na umeme, ada, matibabu, nauli, akiba, na michango ya harusi. Dakika 20 za kupanga. Kisha ondoa punje 8, mtoto amelazwa Bombo, wapange upya kwa dakika 15. Zilizobaki ni za mazungumzo: nani aliamua, nini kilikatwa kwanza, nani alinyamaza.

Kadi ya michango ndiyo roho ya zoezi. Isipokuwepo, akina mama watapanga bajeti safi isiyofanana na nyumba zao, kwa sababu hakuna anayeweza kukaa mtaani bila kuchangia sare na kitchen pati. Kosa la pili ni kumpa mshiriki mmoja kunde zote. Atapanga peke yake na wenzake watatazama. Wagawie nane, nane, saba, saba, walazimike kusemezana. Mwanzo na mwisho uliza swali moja lilelile, "Mwezi jana uliandika matumizi yako?", kisha rudi baada ya wiki sita uliulize tena. Majibu hayo matatu ndiyo tathmini yako, na yanakwenda kwenye faili pamoja na mpango wa somo.

Kwa ruhusa, anzia kwa mtendaji wa mtaa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, uwe na barua ya taasisi yako. Shuleni pitia kwa mkuu wa shule na ofisi ya elimu. Kliniki, kwa mganga mfawidhi. Na kwa mada za unyumba na kuvunja ungo, usiingie mtaa wa Ngamiani kana kwamba hakuna aliyetangulia. Mwendee somo wa mtaa, mpe shikamoo yake, mwambie: "Bibi, nina kikao na wasichana kuhusu hedhi na usalama wao, naomba uwepo." Akikaa mbele, wasichana watauliza. Asipoitwa, ataulizwa yeye usiku, na jibu lake litalifuta la kwako. Gawanya makundi kwa jinsia na umri. Baba na binti wasikae chumba kimoja kwa mada hii, wala mtu na mkwewe.

Baada ya kukipata

Ngazi kamili huhuishwa kila miaka mitano kwa saa 100 za mafunzo endelevu, yaani saa 20 kwa mwaka. Warsha za Tanga mara nyingi hutoa vyeti vyenye jina, nembo na sahihi tatu, bila kuonyesha mafunzo yalichukua muda gani. Cheti cha namna hiyo kirudishe kwa mwandaaji hapohapo ukumbini aandike idadi ya saa, tarehe na mada, na omba nakala ya ratiba ya siku. Akishaondoka na gari la mradi, hutampata tena.